Moteri Iliyolazwa: Jinsi Vipuri Vinavyoweza Kungoja Miaka Fizi na Baraka

Tarehe 26 Julai 1916, Wajerumani waliokuwa wakijiandaa kuihama Kigoma waliizamisha kwa mikono yao wenyewe meli kubwa kuliko zote katika Ziwa Tanganyika. Graf von Goetzen ilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 70. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, katika kiwanda cha Meyer, kisha ikafunguliwa yote, ikapakiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikavushwa bahari hadi Dar es Salaam na kupandishwa reli hadi Kigoma, ambako iliungwa upya na kushushwa majini mwaka 1915. Mafundi waliotoka Ujerumani kuja kuiunga ndio walioitayarisha kwa kuzama, na hawakuwa na moyo wa kuiua. Kabla ya meli kujazwa mchanga na kuachiwa maji, walizipaka injini zake grisi nene, wakitumaini kwamba siku moja kuna atakayeiinua.

Wa kwanza kuiinua walishindwa: Wabelgiji waliitoa baada ya vita, ikazama tena kwenye dhoruba. Waingereza wakaiibua mwaka 1924. Miaka minane tangu izamishwe, mashine na boila zake zilikutwa bado zinafaa. Mei 1927 ikaanza safari kwa jina jipya, Liemba, na injini zile zile za mvuke ziliisukuma hadi miaka ya 1970 zilipopisha dizeli.

Kutoka Kigoma hadi Baraka, mji wa eneo la Fizi upande wa Kongo, kwa kulikata ziwa mshazari, ni kama kilomita 100. Mji umekaa ndani ya ghuba ya Burton, rasi ya Ubwari ikiukinga na ziwa kuu. Katika nyumba ya mabati ya mji huo, pistoni na krankishafti za moteri ya mtumbwi zikiviringishwa kwenye gazeti na kusukumwa chini ya kitanda, msimu mmoja wa mvua unatosha kuzivisha rangi ya udongo. Chuma kimoja kimekaa sehemu kubwa ya miaka minane chini ya maji kikapona; kingine kimekaa miezi minane kwenye nchi kavu kikaliwa. Anayetaka kuelewa uhifadhi wa vipuri hana budi kuanzia kwenye kioja hicho, maana kinaonyesha kwamba mahali pa kuweka si neno la kwanza. Neno la kwanza ni kilichopakwa juu ya chuma siku ya kukiweka.

Fizi ina sababu zake za kuwa na moteri nyingi zilizolala vipande vipande. Fundi anafungua Yamaha ya mtumbwi, anakuta ringi zimekwisha na beringi moja imelia. Piesi hiyo haipo sokoni. Itatoka Uvira, Bujumbura, Kalemie au Kigoma, na itakuja na boti inayofuata, au ile ya baada yake, au mwenye moteri akishauza mzigo wa ndagala. Barabara ya kutoka Uvira wakati wa mvua ni tope na mito. Huko juu, Lulimba na Misisi, mulini ya kusaga mihogo au pampu ya kunyonya maji mashimoni mwa dhahabu inaweza kufunguliwa Machi na ikaungwa Desemba. Hakuna aliyepanga kuhifadhi kitu; kila mtu alidhani ni wiki mbili.

Halafu kuna kuondoka. Vita vya 1996 na vya 1998 viliwavusha watu wa Fizi kwa maelfu mengi kwenda Kigoma, katika kambi kama Nyarugusu na Lugufu, na wengi walirudi kwa boti hadi Baraka kuanzia mwaka 2005 tu. Mtu wa namna hiyo yuko katika hali ile ile ya mafundi wa Goetzen: anaficha mashine bila kujua atarudi lini, wala kama atakayeikuta ni yeye. Kwa hiyo ushauri wa vitabu vya watengenezaji, ambao huzungumzia kulaza moteri miezi sita na kuizungusha kila mwezi, unamfaa nusu tu.

Kutu inahitaji vitu viwili kwa pamoja, maji na oksijeni. Kimoja kikikosekana, chuma kinakaa. Lakini maji hayo si lazima yaonekane. Unyevu wa hewa ukivuka kama asilimia 60, utando mwembamba wa maji usioonekana kwa macho hujijenga juu ya chuma kilicho uchi, na hapo kutu huongeza mwendo. Kando ya ziwa, kuanzia mvua za Septemba au Oktoba hadi Mei, kiwango hicho huvukwa kila usiku. Mabati nayo yana mchezo wao: mchana yanachoma, usiku yanapoa haraka kuliko hewa iliyo chini yake, na alfajiri yanatoa jasho. Chuma kizito kama krankishafti hupoa polepole na kupata joto polepole, kwa hiyo asubuhi hewa ya joto inapoingia, chuma kingali baridi, na umande unakikalia kama unavyokalia chupa ya soda iliyotoka kwenye barafu.

Kinachogeuza utando huo kuwa sumu ni chumvi. Maji ya Tanganyika si ya bahari. Chumvi yake ni ndogo, na bila shaka Goetzen ilinufaika na hilo. Chumvi inayoua vipuri vya Baraka inatoka kwingine. Inatoka kwenye gunia la chumvi ya kukaushia samaki lililoegemezwa ukuta ule ule. Inatoka kwenye kiganja cha fundi: jasho lina chumvi, na alama ya vidole iliyoachwa juu ya chuma kilichosuguliwa hujichora yenyewe kwa kutu baada ya siku chache, mistari yote ya kidole ikisomeka. Na katika eneo ambalo kipindupindu hakikauki, nyumba nyingi zina klori ya kutibu maji. Mvuke wa klori ukifungiwa chumba kimoja na vipuri unavila kwa kasi ya kushangaza. Betri za gari zinazochajiwa ndani hufanya vivyo hivyo kwa mvuke wa asidi. Kabla ya kuuliza apake nini, mwenye nyumba aangalie vipuri vyake vimepewa majirani gani.

Kazi yenyewe inaanza kwa kuosha, na hapa lugha inaweza kuleta moto. Katika Kongo, petroli ni mafuta ya taa. Yale ya kuendeshea pikipiki ni esansi. Ng'ambo ya ziwa, petroli ni hayo hayo ya pikipiki. Fundi aliyejifunzia kazi Kigoma akimwambia kijana wa Baraka “leta petroli”, wawili hao wanafikiria madebe tofauti. Kwa kuoshea vipuri, yale ya taa ndiyo bora. Hayawaki kirahisi kama esansi, na huacha utando mwepesi wa mafuta. Esansi husafisha vizuri mno: inaondoa hata kile kidogo kilichokuwa kikikilinda chuma, na inavyoruka hukipoza kiasi cha kuvuta unyevu wa hewani. Silinda iliyooshwa kwa esansi asubuhi yenye ukungu na kuachwa bila mafuta inaweza kuanza kubadilika rangi kabla ya chakula cha mchana. Anayelazimika kutumia maji ya sabuni asuuze kwa maji ya moto, chuma kipate joto na kujikausha chenyewe, kisha kipakwe kingali na uvuguvugu.

Sasa kipakwe nini? Hili ndilo swali linalobishaniwa zaidi chini ya mwembe wa mafundi, na linastahili kubishaniwa, kwa sababu kila jibu linalopatikana karibu lina kasoro.

Mawese yapo kila mahali. Fizi ni nchi ya michikichi, na dumu la njano la mawese ni rahisi kulipata kuliko kopo la oili. Kwa siku tatu yanaonekana kufanya kazi. Tatizo ni kwamba mawese ya kukamuliwa kienyeji, hasa pale matunda yalipokaa siku kadhaa kabla ya kuchemshwa, huwa na asidi nyingi, na asidi hiyo huongezeka kadiri mafuta yanavyochacha. Sehemu za shaba za ndani ya kabureta hugeuka kijani. Chuma nacho huvaa gundi ya kahawia ambayo baadaye haitoki ila kwa kukwanguliwa, na gundi hiyo hugandisha ringi ndani ya mifereji ya pistoni. Siku za mvuke, mabaharia wa Ulaya waliwahi kupaka mashine mafuta ya mnyama, lakini waliyachanganya na unga wa risasi mweupe, ambao ni sumu na ambao hakuna sababu ya kuurudisha. Mawese yabaki kwenye sombe.

Oili iliyotumika ndiyo inayopendwa zaidi, kwa kuwa haina bei. Ni nyeusi, ni nzito, inashika. Ila weusi wake ni masizi, na ndani yake mna esansi au mazutu (yaani dizeli), maji, na asidi zilizozaliwa na moto wa injini. Mazutu yenye salfa nyingi ndiyo mabaya zaidi. Kuna watu watakaosema babu zao walipaka majembe oili chafu na majembe yakadumu. Ni kweli, na jembe halina uso uliosagwa kwa vipimo vya sehemu ya elfu ya milimita. Kwa mlango wa chuma, fremu au fulana ya nje ya injini, oili chafu si haba. Kwa beringi na krankishafti ni kuhifadhi adui pamoja na mali.

Grisi ya kawaida ya gari ni jibu zuri lililokosewa namna ya kutumiwa. Watu huibandika kwa kidole kama siagi juu ya mkate, na chini yake hubaki vijishimo vya hewa vyenye unyevu. Grisi haitiririki kuingia pembeni. Kwanza ipite oili mpya nyembamba, ile ile ya kumimina kwenye injini, kwa brashi hadi ndani ya kila tundu na kila uzi wa bolti. Kisha grisi ije juu yake kama koti juu ya shati.

Kuna kitu kingine ambacho kila duka la Baraka linacho na ambacho mafundi hukidharau kwa sababu kinauzwa karibu na sabuni za watoto: vazelini. Ile halisi, isiyo na maji wala losheni ndani yake, ni mafuta ya madini yaliyosafishwa, haina asidi, haichachi. Majeshi ya nchi nyingi yalihifadhi bunduki kwa mafuta ya ukoo huo huo, na za karne iliyopita bado hufunguliwa zikiwa safi. Udhaifu wake ni joto. Chini ya bati la saa saba mchana vazelini hulegea na kutiririka kutoka sehemu za juu. Dawa ni nta ya nyuki, ambayo huyeyuka karibu na nyuzi 63. Kiasi cha robo ya nta kwa robo tatu za oili mpya, vikiyeyushwa katika chombo kilichowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, mbali na debe la esansi, hutoa koti ambalo halikimbii jua la Baraka. Kwa maoni ya mwandishi huyu, katika mazingira ya Fizi huo ndio mchanganyiko wa kuaminiwa zaidi kwa safari ndefu.

Kufunga kunafuata, na kwa kufunga kuna makosa mawili ya kawaida. La kwanza ni gazeti au boksi: karatasi hunywa unyevu na kuushikilia juu ya chuma. Mbao mbichi nazo hutoa asidi ya siki taratibu, na sanduku jipya lililorandwa jana linaweza kuumiza kuliko rafu wazi. Viwandani hutumiwa karatasi maalumu yenye kemikali inayoruka na kukalia chuma, lakini si bidhaa ya kukutwa madukani Fizi. La pili ni sashe ya plastiki iliyofungwa kwa haraka juu ya kipuri chenye maji. Sashe hiyo haizuii unyevu kuingia tu. Inauzuia pia kutoka.

Pipa la plastiki la bluu lenye kifuniko cha pete, lile la lita 200, ni bora kuliko sanduku lolote, mradi mtu aelewe linavyopumua. Hewa ya pipa zima, hata ikishiba unyevu kwa nyuzi 25, ina maji yasiyofika gramu tano, yaani kijiko kimoja cha chai. Si mengi. Lakini kama kifuniko hakikazi, kila mchana hewa inapanuka na kutoka, kila usiku inajikunja na kuvuta nyingine. Kati ya nyuzi 20 na 40 mabadiliko hayo ni karibu asilimia 7, lita 14 kwa siku. Kwa mwaka ni lita 5,000 hivi, na kwa hewa ya ziwa hiyo ni karibu gramu 90 za maji zilizopitishwa juu ya vipuri kijiko kwa kijiko. Ndiyo maana mpira wa kifuniko una thamani kuliko unene wa pipa, na ndiyo maana pipa likae kivulini, sehemu ambayo joto halipandi na kushuka.

Vijipakiti vya silika jeli vinavyokuja ndani ya viatu na redio visitupwe. Silika hushika hadi karibu theluthi moja ya uzito wake, na ikishiba hukaushwa kwa moto mdogo wa nyuzi 120 hivi na kurudishwa kazini. Mchele uliokaangwa, ambao husifiwa sana, hushika kidogo mno. Chokaa isiyozimwa hunyonya vizuri lakini hupata joto, huvimba na kuunguza. Mtu asiyeizoea aiache. Majivu kamwe: yamejaa chumvi zinazovuta maji.

Wakati mzuri wa kufunga pipa ni kiangazi, Juni hadi Agosti, vipuri vikiwa vimeota jua. Kama vita au ugonjwa haukuchagua mwezi, basi jiko la makaa karibu na vipuri, bila mafuta wala mvuke wa esansi jirani, hufanya kazi ya jua.

Vipuri vyote havistahili juhudi moja. Gasketi, mpira, mpira wa mafuta na diaframu ya kabureta vitazeeka hata kwenye pipa la dhahabu; vinunuliwe upya. Kinachopaswa kulindwa kama mtoto ni pampu ya dizeli ya mulini. Planja na silinda yake husagwa pamoja kiwandani na nafasi kati yao ni maikroni chache, nyembamba mara nyingi kuliko unywele. Kutu isiyoonekana kwa jicho inatosha kuikwamisha. Planja mbili zikibadilishana nyumba, pampu zote mbili zimekufa bila kutu yoyote. Pampu ijazwe oili safi, si mazutu, kwa sababu mazutu hubeba maji, na midomo yake yote izibwe.

Moteri ya mtumbwi ya mipigo miwili ina siri yake. Beringi za chini hazina karta ya oili; zinapata mafuta tu kutoka kwenye esansi iliyochanganywa, na zinapoacha kuzunguka hukauka. Moteri ambayo haikufunguliwa hadi chini, bali ilivuliwa kichwa tu na kuachwa, mara nyingi huoza pale ambapo hakuna aliyefungua.

Kisha kuna hasara isiyo na rangi ya kutu: vipande kupotea. Meli William Mackinnon ilijengwa Paisley, Scotland, mwaka 1890, ikatumwa Mombasa vipande vipande, na haikuelea Kisumu, Ziwa Victoria, hadi mwaka 1900. Miaka kumi ikiwa vipande vipande! Bolti iliyopotea inaweza kuizuia injini kama kutu inavyoizuia. Kila kifuniko cha konrodi kina mwenzake mmoja tu na upande mmoja tu. Valvu kila moja imezoea kiti chake. Vifungwe viwili viwili, na jina liandikwe kwa msumari juu ya kipande cha kopo la maziwa, maana wino wa kalamu huyeyuka ndani ya oili. Namba ya moteri na orodha ya vilivyomo vibaki mahali pawili. Anayeficha asiwe peke yake anayejua.

Kuhusu mahali: ziwa limekumbusha lenyewe. Mwaka 2020 na tena 2024 maji ya Tanganyika yalipanda na kuingia nyumba za kando ya maji kutoka Bujumbura na Uvira hadi Baraka. Pipa lililofungwa vizuri huelea, jambo ambalo si msaada kama linaelea kwenda Ubwari. Lifungwe kamba, au lipandishwe mlimani. Kulizika ardhini, kama wengi walivyofanya wakati wa vita, kunalipa joto lisilobadilika lakini kunaliweka ndani ya unyevu wa kudumu, na kifuniko chenye ufa hapo hakina msamaha.

Siku ya kufungua, koti la grisi huondolewa kwa petroli ya Kongo na kitambaa, si kwa msasa. Kutu nyepesi juu ya flaiwili au nje ya silinda hutoka kwa oili na kusugua taratibu. Planja iliyopata doa haisuguliwi, inabadilishwa. Baada ya kuunga, kabla ya kamba ya kuwashia kuvutwa, fundi humimina kijiko cha oili mpya katika tundu la plagi, akaishika flaiwili kwa mikono miwili na kuizungusha polepole, mara kumi au ishirini, sikio likiwa karibu na chuma, akisikiliza kama kuna mahali inakwaruza.